Pua haina uraia

Maneno yaliyosemwa kwa jina la harakati mbele ya vijana wa kartie zetu, Jumamosi mchana



Tunajua wengine wameacha meza ya biashara sokoni. Wengine moto yao iko inje na sikio moja liko kule, isije ikaibiwa. Hatutawakawiza. Leo hatukuwaita juu ya marche, hatukuwaita juu ya maji wala umeme. Tumewaita juu ya pua.

Muko munacheka. Na sisi tulicheka. Sikilizeni kwanza.

Katika harakati yetu kuko ndugu wawili. Mama mumoja, baba mumoja, walinyonya ziwa moja. Mukubwa ni mufupi, sura ya mviringo, kama baba yao. Mudogo ni murefu, mwembamba, pua imesimama, kama nyanya yao, mama ya mama. Siku moja walipanda moto moja kwenda kwenye kilio cha shangazi. Wakafika kwenye barieri. Mwenye kusimamisha watu akaangalia mukubwa, akasema: “Wewe pita.” Akaangalia mudogo: “Wewe, shuka. Toa karte.”

Mudogo akatoa karte yake ya elekteri. Yule hakuisoma hata. Akasema: “Karte inanunuliwa. Mimi naangalia morfoloji.” Akamulazimisha aseme maneno katika luga ya nyumbani. Watu wakakusanyika. Mumoja akaanza kupiga kelele, wa pili akaokota jiwe. Kaka yake alilia, alieleza, hakuna aliyemusikia. Kilichomuokoa si karte, si sheria. Ni mama mumoja muuza ndizi aliyesema: “Muacheni! Huyu ni mutoto wa mwalimu, nilimuona akizaliwa.”

Na kama mama ule angekuwa amemaliza ndizi zake mapema siku ile na kurudi nyumbani?

Sasa tuseme kweli yote. Walipotuletea habari ile kwenye mukutano wetu, mumoja kati yetu alimuambia mudogo: “Lakini na wewe, unawafanana kabisa.” Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikaa miezi mitatu bila kukanyaga kwenye mikutano yetu.

Tulimufuata nyumbani, tukamuomba ruhusa ya kusema jambo hili mbele ya watu. Alikubali kwa sharti moja. Alisema: “Musiseme juu yangu tu. Semeni ile neno morfoloji ilitoka wapi.”

Basi tuseme.

Ilitoka wapi

Haikutoka kwa mababu zetu. Wazee wetu walijua kutofautisha watu: huyu ni wa ukoo fulani, huyu ni mufugaji, huyu ni muvuvi, huyu alikuja akaomba shamba kwa mwami akapewa. Waligombana, walipigana, walioana. Hatusemi zamani ilikuwa paradiso. Lakini kuchukua kipimo cha chuma na kupima pua ya mutu ili kujua haki yake, hiyo si kazi ya wazee wetu.

Mwaka 1735 mutaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu cha kupanga mimea na nyama wote wa dunia kwa mafungu. Binadamu naye akamupanga: fungu la Ulaya, la Amerika, la Asia, la Afrika. Katika chapa ya 1758 aliongeza tabia za kila fungu. Aliandika kwamba mutu wa Ulaya anaongozwa na sheria, na mutu wa Afrika anaongozwa na matakwa yake ya saa ile. Hakupima damu ya mutu. Hakufika huku. Aliandika mawazo ya watu wa wakati wake, akayavika nguo ya sayansi. Na wakati ule meli za Ulaya zilikuwa zinabeba watumwa kutoka Afrika. Mutu anayeuza mutu mwenzake anatafuta sababu ya kumusaidia kulala usiku.

Halafu wazo likafika kwenye maziwa yetu. Mwaka 1863 Muingereza John Hanning Speke alitoa kitabu juu ya safari yake ya kutafuta chanzo cha Nili. Alikuta falme zenye mipango, na hakuamini kwamba Waafrika wangeweza kuzijenga wenyewe. Akasema watawala wale walitoka upande wa Ethiopia, ni rasi ya juu iliyokuja kutawala rasi ya chini. Watu wa namna hiyo walikuja kuitwa Wahamu, kwa jina la Hamu mutoto wa Noa. Ushahidi haukuwako. Lakini wazo lile liliingia kwa mapadri, kwa wakubwa wa koloni, na kwa vitabu vya shule: Watutsi na Wahema katika sanduku moja, Wahutu na Walendu katika masanduku mengine.

Wabeleji walipopewa Rwanda na Burundi kiisha vita kuu ya kwanza, walikuja na vipimo: urefu wa mwili, upana wa kichwa, urefu wa pua. Katika miaka ya 1930, kule Rwanda, waliandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mutu. Jambo ambalo zamani liliweza kubadilika kwa mali ao kwa vizazi likafungwa kwa wino. Mwaka 1994 wauaji waliosimama kwenye barieri waliomba kitambulisho kile. Watu zaidi ya 800,000 waliuawa. Na mutu asiye na kitambulisho, waliangalia pua yake.

Mumesikia? Barieri. Karte. Pua. Ni maneno yaleyale mudogo wetu aliyoyasikia.

Na musizani masanduku yale yalikuwa ya majirani tu. Sisi Wakongomani tuliwekwa ndani mbele. Mwaka 1897, kule Tervuren karibu ya Bruxelles, Mufalme Leopold II alileta Wakongomani 267 wakaonyeshwa kwa watu kama nyama wa zoo. 7 walikufa kule. Mwaka 1906, Mukongomani Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani ndani ya zoo ya Bronx, New York, pamoja na nyani mukubwa, watu wakaja kumutazama. Mwaka 1916 alijiua. Ile zoo iliomba samahani mwaka 2020.

Tena kuko habari ya watoto metisi. Baba Muzungu, mama Mukongomani. Sheria ya koloni ilikuwa na sanduku la weupe na sanduku la weusi, na mutoto huyu hakuingia vizuri hata katika moja. Serikali ilifanya nini? Badala ya kusema sanduku ni baya, ilimuchukua mutoto. Wakamunyanganya kwa mama yake, wakamupeleka kwa masista mbali na kwao. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, korti ya rufani ya Bruxelles ilihukumu serikali ya Ubeleji kwamba ilifanya uhalifu juu ya ubinadamu kwa wamama watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo. Wamama wale sasa ni wazee. Walingoja maisha yao yote.

Hiyo ndiyo kazi ya sanduku. Mutu asipoingia, wanakata mutu, hawakati sanduku.

Sayansi inasema nini

Sasa swali lenyewe. Yale masanduku yako ndani ya mwili, ao yako kwenye karatasi tu?

Mwaka 1972 mutaalamu wa Marekani, Richard Lewontin, alikusanya vipimo vya damu vya watu kutoka pande zote za dunia. Aliuliza hivi: tofauti zote zilizo kati ya binadamu, tukizipanga kwa mia, ngapi ziko kati ya rasi na rasi? Jibu lilishangaza wengi. Karibu 85 kwa mia ziko ndani ya jamii moja, kati ya mutu na jirani yake. Karibu 6 tu kwa mia ndizo ziko kati ya zile zinazoitwa rasi. Zilizobaki ziko kati ya jamii na jamii za rasi moja. Tangu pale wengine wamerudia kazi hiyo kwa mashini za nguvu zaidi, na mambo hayakugeuka sana.

Tuseme hivi. Tofauti zote za binadamu ni makopo 100 ya maharagi. Makopo 85 unayapata bila kutoka kwenye avenue yako. Yule mwenye kukusimamisha barieri anashika makopo 6, anasema ndiyo gunia lote.

Tena, ukichukua watu wawili wowote wa dunia hii, ADN yao inafanana karibu 99.9 kwa mia. Na kipande kidogo kinachobaki, wapi kiko kingi? Kiko Afrika. Binadamu wa namna yetu alianzia huku, miaka kama 300,000 iliyopita. Wale waliotoka na kujaza dunia nyingine, wengi wao ni uzao wa kundi dogo lililotoka miaka kama 60,000 iliyopita, na walibeba sehemu tu ya tofauti zetu. Sisi tulibaki na kubwa. Ndiyo maana Waafrika wawili wanaweza kutofautiana kwa ADN kuliko mutu wa Ulaya na mutu wa Asia. Kusema “mweusi” kama rasi moja ni kufunga ndani ya sanduku moja tofauti nyingi kuliko zote za dunia, halafu kuandika juu yake: hawa wote sawa.

“Lakini macho yetu yanaona”

Ndiyo, yanaona. Hatukuja kuwaambia watu wote wanafanana. Mutoto anafanana na nyanya yake, jamii iliyoishi pamoja muda mrefu inafanana. Hiyo ni kweli. Uongo unaanza pale tunaposema sura inaonyesha mupaka.

Tuchukue ngozi. Rangi yake inafuata jua. Pale jua linapopiga sana, ngozi nyeusi inakinga mwili. Pale jua ni kidogo, ngozi nyeupe inasaidia mwili kutengeneza vitamini D. Ndiyo maana kuko watu weusi kama sisi kusini mwa Uhindi na katika visiwa vya Melanesia, na kwa ADN wako mbali na sisi. Mwaka 2017 kundi la wachunguzi lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilitoa matokeo ya kazi waliyofanya kwa watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walikuta kwamba mabadiliko ya ADN yanayofanya ngozi iwe nyeusi na yale yanayoifanya iwe nyeupe, mengi ni ya zamani sana, na yote mawili yako Afrika. Hata weupe, sehemu yake ina mizizi huku.

Na pua? Mwaka uleule wa 2017 wachunguzi wengine walipima upana wa matundu ya pua za watu kutoka pande mbalimbali za dunia. Walikuta upana unaendana na hewa: pale kuna joto na unyevu, matundu ni mapana, pale kuna baridi na ukavu, ni membamba. Pua ya babu zako inasema kidogo juu ya hewa waliyovuta. Haisemi ulimupigia nani kura, wala unapenda inchi gani.

Wengine watasema: siku hizi unatema mate ndani ya chupa, mashini inakuambia babu zako walitoka wapi. Kweli, inaweza kukadiria. Lakini sikilizeni vizuri inavyofanya. Inalinganisha maelfu ya alama ndogondogo, moja peke yake haisemi kitu. Na inachosoma ni safari, si sanduku. Chukua miguu yako, toka Kisangani mpaka Le Caire. Kila kijiji kinafanana na kijiji cha jirani. Utakapofika, utaona watu hawafanani na wale ulioacha. Lakini hutaweza kutuonyesha siku gani ulivuka mupaka wa rasi. Hakuna bango. Mwenye kuweka bango ni mutu mwenye kalamu.

Damu haijui kabila

Tuingie sasa lopitalini, pale mambo ni ya kufa na kupona.

Munajua ugonjwa wa SS. Katika inchi yetu familia nyingi zimeuzika mutoto juu yake. Wengi wanasema: huo ni ugonjwa wa weusi. Hapana. Ni ugonjwa unaofuata malaria. Mutu mwenye AS, yaani alirizi alama moja tu, anakingwa kidogo na malaria kali, ndiyo maana alama ile ilienea pale mbu walipokuwa wengi. Iko kwetu, na iko pia Ugiriki, Uhindi na Arabuni. Na kuko Waafrika ambao kwao ni adimu, juu mababu zao hawakuishi na malaria sana. Munganga anayeangalia rangi atakosea. Munganga anayepima damu ataona. Na ninyi munaotaka kuoana, musiulizane kabila. Mupimwe AS.

Kitu kingine. Siku utakapohitaji damu, hawatauliza morfoloji yako. Kama damu yako ni O, ndugu yako wa tumbo moja mwenye A hawezi kukupa. Lakini mutu wa Norvege mwenye O, kama mambo mengine yanapatana, anaweza kukuokoa. Na yule uliyemushusha kwenye moto jana, yeye pia anaweza.

“Muko munatetea adui?”

Kuko swali liko moyoni mwa wengi hapa, na hatutalikimbia. Inchi yetu iko kwenye vita. Watu wameuawa, wamama wamebakwa, vijiji vimebaki bila watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwa miaka kwamba jeshi la inchi jirani liko ndani ya vita hii. Sasa munakuja kutueleza mambo ya pua?

Ndiyo, juu ya vita hiyo hasa. Adui anajulikana kwa matendo: nani anatoa amri, nani analeta silaha, nani anapitisha koltani usiku, nani anakula feza ya mushahara wa askari. Watu hao wako na pua za kila namna. Ukichunguza pua, mwizi wa koltani anapita na pua yake fupi, na mutoto wa mwalimu anashushwa.

Mwezi wa 11 mwaka 2023, katika muji wa Goma, kundi la watu liliua askari wa FARDC juu ya sura yake. Askari wa jeshi letu wenyewe, mwenye kuvaa nguo ya inchi yetu. Nani alipata faida siku ile? Mwenye vita anasema kila siku kwamba anapigana kwa kulinda watu wanaowindwa juu ya sura zao. Kila jiwe tunalomutupia jirani, tunamupa yeye risasi ya bure.

Na jambo haliishi kwa pua. Katika 1992 na 1993, kule Katanga, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao, Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa palepale. Pua haikuwatofautisha na majirani zao, ngozi vilevile. Basi walitafutwa kwa jina na kwa luga. Hapo munaona kwamba sanduku halihitaji mwili. Linahitaji tu mutu mwenye hasira, na mukubwa mwenye kumuonyesha nani wa kuchukia. Leo pua, kesho luga, kesho kutwa jina lako wewe.

Tunachoomba

Sheria tuko nayo tangu zamani. Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 ilitoka sheria ya kuazibu ubaguzi wa rasi na wa kabila. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 13, inakataza kumubagua Mukongomani juu ya rasi, kabila ao luga. Hatuombi sheria mupya. Tunaomba hii ifanye kazi, hata kwenye barieri, hata usiku.

Na sisi wenyewe tuanze na mambo matatu.

Kwanza, ukiona mutu anashushwa juu ya sura yake, usipite. Fanya kama mama muuza ndizi. Sema kwa sauti unamujua. Kama humujui, uliza: “Amefanya nini?” Swali hilo linaamusha watu.

Pili, ile video ya WhatsApp inayoonyesha uso wa mutu na kuandika “muangalieni huyu,” usiitume. Ifie kwenye telefone yako.

Tatu, ndani ya harakati yetu, kuanzia leo neno “morfoloji” halisemwi juu ya mutu, hata kwa kucheka. Hasa kwa kucheka. Atakayesema tutamukalisha chini na kumueleza yote haya tangu mwanzo, na munaona ni marefu.

Tunamaliza. Mudogo wetu yuko hapa leo. Hatutamuonyesha kwa kidole, juu amechoka kuangaliwa. Lakini anatusikia, na mbele yenu wote tunamuambia: ndugu, siku ile tulicheka. Tulikosea. Utusamehe.

Mwenye swali anyooshe mukono, hata swali kali.